Maji ya Kitambaa Chekundu

Bwana Afya alipofunga kitambaa chekundu kwenye bomba la uani, watu walidhani anawakatia maji, na ua mzima ukatoka nje. Mama Mwenye Nyumba alikuja na gauni la kulalia. Msusi wa chumba cha mwisho alimwacha mteja wake nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama kama zimeona jini.

“Sijalifunga,” Bwana Afya alisema, mkono juu kama askari wa barabarani. “Maji yatatoka kama kawaida. Ila bomba kubwa la mtaani limepasuka, tena limepasukia pale linapopakana na mtaro wa majitaka. Mpaka mafundi walizibe na maji yapimwe upya, haya ya hapa ni ya kufulia na kudekia. Kinywani yasiingie. Ukitaka ya kinywani, chemsha. Sisemi pasha, nasema chemsha. Yatokote mpaka mfuniko ucheze, uyaache yaendelee kutokota kidogo, halafu yapoe humohumo yakiwa yamefunikwa.”

“Na vyombo?” aliuliza Mama Pacha.

Watu wakamgeukia. Swali hilo lilikuwa lake kwa haki. Benchi lake la chai lilikaa pale barazani, likitazamana na karakana ya wachomeleaji vyuma ng’ambo ya barabara. Mumewe alikuwa fundi katika karakana hiyo, lakini kazi ya kuchomelea leo ipo kesho haipo. Benchi ndilo lililowalisha yeye, mumewe, mapacha wao wawili wa kike na baba mkwe wake.

“Vyombo osha kwa sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa. Mboga na matunda vilevile. Na mswaki msiusahau.”

“Basi mimi nahamia jikoni. Anayenitafuta anikute kwenye sufuria,” alisema Mama Pacha, na ua ukacheka.

Lakini hakuwa anatania. Tangu siku hiyo sufuria lake kubwa halikupoa. Maji yaliyochemka aliyaweka kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, ili mtu asichovye mkono wala kikombe. Karibu na ndoo aliweka beseni la kuoshea, na pembeni yake la kusuuzia. Mumewe alipotaka kunywa bombani kwa kiganja, kama alivyozoea tangu utotoni, alichapwa kofi la mgongo akiwa ameinama. Mapacha walilia kwa sababu ya mswaki, wakabembelezwa, wakalia tena. Maji ya bombani yakapata jina, “maji ya kitambaa”, na katika chumba cha Mama Pacha, kutaja maji ya kitambaa karibu na chakula kulikuwa kama kutaja nyoka karibu na mtoto mchanga.

Ndiyo maana hakuna aliyeelewa ugonjwa ulimwingia vipi Babu Kinyozi.

Babu Kinyozi ndiye baba mkwe mwenyewe. Mikasi aliiweka chini zamani, lakini unadhifu hakuuweka. Kila jioni alichota maji kwenye kikombe chake cha bati, akaingia chumbani kwake, akajinyoa mbele ya kioo. Akitoka, kola imenyooka, ndevu hakuna, na lile tabasamu lililomfanya ajulikane mtaa mzima. Kwa umri wake watu walikuwa wakitafuna kwa ufizi. Yeye meno yamepangana, meupe, hakuna lililokosa mwenzake.

“Babu, siri yako nini?” Msusi alikuwa akimchokoza.

“Mkaa na chumvi, binti. Na kutosema watu.”

“Hilo la pili gumu. Niongezee mkaa.”

Sasa mzee huyo alikuwa anaharisha mpaka macho yameingia ndani. Zahanati walimpa dawa na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, akapata nafuu, akarudi barazani. Kabla kola haijapata vumbi, tumbo likamrudia. Akatibiwa tena, likamrudia tena. Mapacha hawakuguswa. Baba yao hakuguswa. Mama Pacha alisugua kila kitu kinachosugulika, akabaki anautazama mwiko kama unamficha jambo.

*

Wifi yake Mama Pacha alikuja mchana, wakati benchi limejaa. Aliuza vitambaa kwenye duka kubwa la mjini, na kwa bangili zake ulimsikia kabla hujamwona. Nyuma yake alikuja mchukuzi na katoni la maji ya chupa begani.

“Haya ni ya Baba,” alisema, bila hata hamjambo. “Na asinywe mengine.”

“Karibu, wifi. Kaa upate chai.”

Wifi alikitazama kikombe alichonyooshewa. Hakukipokea.

“Maji ya chai hii umeyachemsha lini?”

“Ya chai nimeyachemsha sasa hivi, wifi. Chai haiivi kwa maombi.”

Wachomeleaji wawili wakacheka, lakini Wifi hakucheka.

“Na yale ya ndooni?”

“Alfajiri.”

“Nani alikuona?”

“Kumbe kuchemsha maji kunataka mashahidi?”

“Baba yangu akilala kitandani hana nguvu hata ya kufukuza nzi, ndiyo, kunataka mashahidi. Nyumba hii wote wazima, mgonjwa ni yeye tu. Nyie mnakunywa ya kwenu na yeye mnampa ya wapi? Au mkaa umekuwa ghali, mzee anachotewa ya kitambaa?”

Fundi mmoja, waliyemwita Miwani kwa ile miwani yake myeusi ya kuchomelea isiyomtoka kichwani, alishusha kikombe taratibu akachungulia ndani, kama mtu anayetafuta kitu ambacho hataki kukiona. Kisha akakiweka chini kikiwa nusu.

“Nimekumbuka,” alisema, “nimeacha moto unawaka.”

Karakana ile haikuwa na moto wa kuacha. Ilikuwa na swichi, na Mama Pacha alilijua hilo, na Miwani alijua kwamba analijua. Akaondoka, na wenzake wakakumbuka mioto yao mmoja mmoja. Vikombe vikabaki vimejipanga kwenye benchi, vinatoa moshi.

Mumewe aliporudi jioni alikuwa ameshasikia, tena kwa nakshi za ziada.

“Dada ana mdomo,” alisema akivua viatu. “Ukimjibu ataleta mashangazi wote. Vumilia tu.”

“Nivumilie. Na watoto nao niwape uvumilivu wa kula?”

Mumewe alibaki na kiatu mkononi, kama amekiokota njiani na hajui cha nani.

Wachomeleaji walihamia kwa muuza chai wa pembeni ya barabara, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiosha kikombe. Kisha akaja Mama Mwenye Nyumba, kwa hatua zile za mtu aliyetumwa na wengi.

“Mimi sisemi ni wewe, mwanangu. Ila watu wanasema, na baraza ni langu. Mteja wa mtu akiugua, jina linalotajwa ni la nyumba. Bwana Afya anarudi kugawa dawa ya maji. Akifika, mbele yake tutaamua benchi likae au litoke.”

“Mama, mimi nachemsha.”

“Najua unasema hivyo.”

Maneno hayo matatu yalimchoma kuliko bangili zote za Wifi.

*

Kesho yake, jua likiwa kichwani, alimpelekea mzee supu, maana hakuwa ametoka kitandani tangu jana. Alibisha hodi. Alisikia kitu cha bati kikigonga sakafu na kubingirika, kisha mtu akiguna. Mkwe haingii tu chumbani kwa baba mkwe, lakini mguno ule ulikuwa wa mtu anayeanguka. Akausukuma mlango.

Mzee alikuwa ukingoni mwa kitanda, amejishikilia ubao asidondoke. Kikombe cha kunyolea kilikuwa chini, maji yamemwagika. Na katikati ya dimbwi lile Mama Pacha aliliona tabasamu la baba mkwe wake, peke yake, bila baba mkwe.

Mzee alijiziba mdomo kwa viganja viwili.

“Funga mlango,” alisema. Maneno yalitoka na upepo mwingi.

Aliufunga. Akaweka supu mezani, akamrudisha mzee kitandani, akayaokota yale meno kwa pindo la nguo. Hakujua ayatazame au asiyatazame. Yalikuwa ya juu na ya chini, yamefungamana, mazuri kweli.

“Usimwambie mtu,” mzee alisema nyuma ya viganja. “Hata mumeo hajui. Alikuwa anajua marehemu mama yao, na alikwenda nalo. Mwanangu, nani atampa kichwa kinyozi aliyebonyea kama ndoo ya bati? Nilianza kwa ajili ya wateja. Halafu watu wakayasifu, nikakosa pa kurudia.”

“Simwambii mtu, Baba.” Alikuwa ameinama anafuta sakafu, na mkono wake ukasimama juu ya dimbwi. “Baba. Maji haya ya kikombe unachota wapi?”

“Bombani. Si ya kunyolea?”

“Ukishanyoa?”

“Namwaga, nachota mengine, naweka meno yalale.”

“Mengine ya wapi?”

“Ya bombani. Kwani nakwenda kuyanywa?” Mzee alikasirika kidogo. “Yule bwana alisema kinywani yasiingie. Sijayanywa hata tone.”

“Hujayanywa, Baba,” alisema Mama Pacha polepole. “Umeyavaa.”

Walitazamana. Kisha kicheko kikampanda mkwe, cha uchovu, cha machozi, na mzee akashusha viganja akacheka naye, mdomo umebonyea, uso mwingine kabisa, wa mtu mzee kuliko yule wa barazani na mpole kuliko yeye. Mtaa mzima ulikuwa umelinda koo. Nani angekumbuka kulinda meno yanayolala nje ya kinywa?

Alipofika mlangoni na lile tambara lenye maji ndipo kicheko kilipomkauka. Ukweli wa kujisafisha alikuwa nao. Ungetosha kwa Wifi, kwa Miwani, kwa Mama Mwenye Nyumba na mtaa mpaka mwisho wa barabara. Kulikuwa na kazi moja tu: kumvua mzee nguo mbele za watu.

“Kuanzia leo na meno yatachemshiwa maji yao,” alisema, akatoka.

*

Kikombe alikisugua kwa sabuni na maji ya moto. Kila jioni alipeleka maji yaliyochemka na kupoa, yamefunikwa kisahani. Akiulizwa, alisema ni dawa ya Babu. Tumbo la mzee likatulia. Macho yakarudi mahali pake. Akaanza kudai kiberiti, gazeti na pilipili, na nyumba ikajua amepona.

Na kupona huko ndiko kulikommaliza Mama Pacha.

“Mnaona?” Msusi alisema, sauti anayoiita ya chini, vidole vikikimbia kwenye kichwa cha mteja. “Kaumbuliwa ndiyo kaanza kuchemsha. Si mlimwona na kile kisahani? Mwanzo alikuwa anatudanganya na moshi.”

Wifi naye alipiga simu kwa kaka yake kusema kwamba katoni lake limemwokoa Baba, na kwamba angechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza mengine. Mama Pacha alisikia yote, maana simu ya mumewe ilikuwa mbovu na ilizungumza kwa sauti kuu hata usipotaka. Akamwaga birika zima la chai mtaroni. Kesho yake akapika nusu birika, akalimwaga hilo pia.

Mzee alikuwa amekaa barazani, kola imenyooka.

“Wale wachomeleaji mbona siwaoni?”

“Wana kazi nyingi, Baba.”

Mzee alitazama ng’ambo. Miwani na wenzake walikuwa wamekaa juu ya pipa wanacheza karata. Akamtazama mkwe wake, aliyekuwa anapangusa vikombe visivyo na vumbi. Alipitisha ulimi kwenye meno yake taratibu, kama mtu anayehesabu wanaomdai.

*

Siku Bwana Afya aliporudi na mfuko wake wa dawa ya maji, ua ulijaa kuliko siku ya kwanza. Watu wa nyumba za jirani walikuja na viti vyao, maana habari ya benchi ilikuwa imeshavuka ukuta. Wifi aliomba ruhusa kazini. Wachomeleaji walisimama getini, nusu ndani nusu nje, ili ikibidi waseme walikuwa wanapita tu.

Bwana Afya alieleza dawa: kipimo gani kwa ndoo ipi, uikoroge, usubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti kabla hujanywa, na maji yakiwa na tope uyachuje kwanza kwa kitambaa safi. Alipomaliza, Mama Mwenye Nyumba akasafisha koo.

“Tuna jambo. Huyu anauza chai. Na mkwewe aliugua mara kwa mara.”

Bwana Afya alimgeukia Mama Pacha. Hakuwa mtu wa ukali. “Mama, jibu tu. Yale maji yasiyochemshwa, yaliingia kinywani mwa mzee?”

Mumewe, aliyekuwa kando yake, alimgusa kiwiko. Mama Pacha angeweza kusema hapana. Lakini maji yale yalikuwa yameshamuumiza mzee, na mtu akiulizwa habari za maji machafu akadanganya, kesho atazikwa mtu.

“Yaliingia,” alisema.

Mnong’ono ukapita kama upepo kwenye mabati.

“Kwa njia gani?”

“Hiyo siwezi kuisema. Lakini imeshazibwa.”

“Mmesikia wenyewe,” Wifi alisema, bangili zikilia. “Sikumsingizia. Kakiri kwa kinywa chake.”

“Basi benchi...” alianza Mama Mwenye Nyumba.

“Subirini,” alisema Babu Kinyozi.

Alinyanyuka kwenye kiti chake, akavuta kola, akajipangusa ndevu ambazo hazikuwepo. Akasogea mpaka katikati ya ua, mahali ambapo kila mtu angemwona, kama alivyokuwa akimgeuza mteja mbele ya kioo ajitazame pande zote. Akainamisha kichwa, akatia vidole kinywani. Aliponyanyuka, meno yalikuwa kiganjani na uso wake ulikuwa umebonyea.

Hakuna aliyecheka. Kwanza hakuna aliyeamini.

“Haya,” mzee alisema, na upepo wake wote. “Haya yalikuwa yanalala kwenye maji ya kitambaa. Nachota mwenyewe, kwa mkono wangu, nawaambia ya kunyolea. Asubuhi nayavaa. Huyu mkwe wangu alinikuta akajua, nikamwomba anyamaze, akanyamaza. Mkamtukana akanyamaza. Mkamhama akanyamaza. Leo mnamfukuza bado ananifunika.” Akamgeukia binti yake. “Na wewe mwanangu, katoni lako tamu, nimelinywa lote. Nikishakunywa nikawa navaa meno yaleyale.”

Pacha mmoja alivuta nguo ya mama yake. “Mama, yanarudi?”

“Yanarudi, mjukuu wangu,” alijibu mzee, na hapo ndipo ua ulipopasuka kwa kicheko. Hakikuwa cha kumcheka. Kilikuwa kile kinachotoka watu wakiwa wameshikilia pumzi mno.

Bwana Afya alisubiri kitulie. “Mzee, umenisaidia kazi,” alisema. “Nimepita nyumba nyingi nasema kunywa, kunywa. La meno ya bandia sikulitaja hata mara moja. Sasa naomba wengine. Nani ana tundu lake?”

Walitazamana. Mtu akishavua meno mbele ya watu, ya kwako yanakuwa mepesi.

“Mimi mswaki nasukutulia bombani,” Msusi alisema, mara hii kwa sauti ya chini kweli. “Lakini natema.”

“Mimi nachemsha,” alisema Miwani kutoka getini, “halafu napoza kwa barafu ya dukani.”

“Barafu ya maji gani?”

Miwani alifikiri. Miwani ikamshukia puani.

“Nyanya,” alisema Mama Mwenye Nyumba, akitazama pembeni. “Za kula mbichi. Naziosha hapohapo bombani. Nazisugua sana lakini.”

Yakaendelea kutoka. Mmoja alichemsha maji akayarudisha kwenye ndoo ileile aliyochotea. Mwingine alimnywesha mtoto dawa kwa maji ya kitambaa, maana dawa ni dawa. Bwana Afya aliziba tundu moja baada ya jingine, na watu wakaulizana, wakabishana, wakakumbushana. Kikao cha kuhukumu benchi kikasahau kilichokiitisha.

“Na benchi?” hatimaye aliuliza mume wa Mama Pacha. Alisimama alipouliza.

“Lile lenye ndoo ya koki na mabeseni mawili?” Bwana Afya alisema. “Ningekuwa na uwezo wa kulihamisha, ningelihamishia ofisini kwetu.”

Mama Mwenye Nyumba alikohoa. “Baraza lipo,” alisema. “Sijasema halipo.”

Mama Pacha alikuwa ameshaweka birika motoni. Alifungua koki ya ndoo, mzee akayasuuza meno yake hadharani, bila haraka, akayavaa, akauma hewa mara mbili kuyajaribu.

“Sasa,” alisema, “nipeni chai. Na mkate uwe mkavu, nisije nikasemwa sina meno.”

Wachomeleaji walivuka geti. Miwani alikuja wa mwisho, mikono mfukoni.

“Shemeji,” alisema. “Siku ile sikuwa na moto wowote.”

“Najua. Unadaiwa nusu kikombe.”

Bangili zililia nyuma yake. Wifi alikuwa amesimama karibu na mabeseni, kitambaa chake cha bei kimekunjwa chini ya kwapa, anavitazama vikombe vichafu. Alifungua mdomo, akaufunga. Akazivua bangili moja moja, akazitumbukiza mkobani.

“Wifi,” alisema, “nianzie wapi?”

Mama Pacha alimtazama. Alikuwa ameyapanga maneno mengi ya siku hii, makali, amechagua hata na mahali pa kuvuta pumzi. Akayatafuta, akakuta yamechemka yakaisha.

“Anza na mikono, wifi. Sabuni ile pale.”

Wifi akainama kuosha mikono. Barazani watu walikuwa wameshaanza kusukumana mabega.

“Mama Pacha,” aliita fundi mmoja, “hapa benchi limejaa.”

“Simama, baba,” alijibu, akimimina. “Chai haiulizi umekaa wapi.”